Dafu la Bibi na kifumbu kilichoziba



Toleo lililopita niliahidi kwamba safu yetu ya Kingsbury safari hii itahusu mnazi na ndugu zake, na dawa ambazo watu wetu wamekuwa wakizipata humo. Kazi ilianza darasani. Tulitakiwa kukusanya majina ya miti kutoka nyumbani, nami nikajigamba kwamba mimi sihitaji maktaba kwa sababu ninaishi nayo. Maktaba yenyewe ni Bibi yangu, mzaliwa wa Jambiani, Unguja, mwenye miaka 78, ambaye chumba chake kiko chini ya changu. Nilijaza kurasa nne. Kisha Bibi akalazwa hospitali, na sehemu ya sababu ilikuwa mnazi, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa mimi. Kwa hiyo nimeandika upya, na kosa langu mtalisoma pamoja na zile dawa.

Tuanze na mnazi wenyewe.

Bibi hasemi nazi mpaka iwe nazi kweli. Tunda likiwa changa kabisa ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji matamu ni dafu. Nyama ikianza kuwa ngumu na maji kupoteza utamu ni koroma. Ndipo huja nazi. Mimi niliyekulia hapa nilikuwa na neno moja tu kwa hayo yote, tena la Kiingereza. Kwa Bibi, kila hatua ina kazi yake jikoni na kazi yake kwa mgonjwa. Maji ya dafu ni ya mtu anayeharisha au kutapika, ya mwenye homa, na ya mwenye kukojoa kwa maumivu. Tui halimfai mwenye tumbo bovu, kwa kuwa ni zito. Mafuta ya nazi ni ya ngozi na nywele, ya kumkanda mtoto mchanga na kumchua mama yake. Mizizi huchemshwa, na maji yake husukutuliwa kwa jino linalouma. Kifuu huwa makaa. Makumbi hufukiwa pwani, kwenye mchanga unaofunikwa na maji ya bahari, yakakaa miezi, kisha wanawake huyafukua, huyaponda na kusokota kamba.

"Na kamba nayo ni dawa, Bibi?" nilimwuliza.

"Dawa ya njaa," akasema. "Ziliuzwa, tukala."

Msidhani kwamba Bibi ni mganga. Anasema kila mwanamke wa rika lake kijijini aliyajua haya, kama ninyi mnavyojua kuchaji simu. Mganga aliitwa kwa mambo mengine. Mnazi ulikuwa nyuma ya nyumba, na asiyejua kuutumia alichekwa.

Sasa njooni Kingsbury. Ukitoka kituo cha treni cha reli ya Jubilee, unatokea moja kwa moja kwenye barabara ya Kingsbury, na maduka yako pande zote mbili. Familia nyingi za Kigujarati za mtaa huu zilikaa Afrika Mashariki kabla ya kufika hapa, Kenya na Tanzania, na pia Uganda, ambako Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972. Duka ambalo Bibi hulipenda ni la mzee aliyezaliwa Kisumu. Yeye humwita Bibi "Mama", na Bibi humwita "ndugu yangu", wakazungumza Kiswahili juu ya masanduku ya mboga huku foleni ikingoja. Madafu yapo. Mengi hutoka Thailand, yamekwisha kuchongwa ganda la kijani, meupe, yana kichwa kilichochongoka, na yamefungwa plastiki. Bibi huyaita madafu ya friji. Huyanunua hivyo hivyo.

Humo dukani nimegundua kwamba ndugu zake mnazi karibu wote wamehamia mtaani kwetu. Kuna tende, matunda ya mtende. Kuna popoo, ambazo ni mbegu za mpopoo. Na kwenye maduka ya Waafrika, safari ya basi kidogo kutoka kwetu, kuna mawese mekundu ya mchikichi. Kila kimoja kina sifa yake ya dawa, na sifa hizo hazilingani.

Tende kwetu ni za kufungulia Ramadhani, na ni za mama mja mzito aliyekaribia kujifungua. Wengi mnakijua kisa cha Maryam na shina la mtende. Jambo hili limepimwa. Utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wanawake 69 waliokula tende sita kila siku katika wiki nne za mwisho na wanawake 45 ambao hawakula. Waliokula walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi, na wengi wao zaidi walianza uchungu bila kuchochewa. Lakini wanawake hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba tende peke yake ndiyo iliyofanya kazi.

Mawese ni habari ya Kigoma na ya Kongo mashariki. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mtu akiikosa vitamini hiyo kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri usiku. Mafuta hayo yakisafishwa kiwandani mpaka yakawa ya manjano hafifu, karotini nayo karibu yote hupotea. Mwenzetu mmoja wa klabu, ambaye kwao ni Uvira, husema mama yake hayaamini mafuta yasiyotia doa kwenye nguo. Mama huyo ana hoja.

Popoo ni upande wa pili. Bibi alikuwa akitafuna tambuu ujanani, popoo na katu na chokaa ndani ya jani, na wazee wake walisema hukaza meno na kuua minyoo. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha uamuzi kwamba popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila tumbaku. Nilipomwambia, Bibi alinyamaza, kisha akawataja jamaa zake watatu waliokufa kwa vidonda vya kinywa. Hatujui waliugua nini hasa. Ila hakunibishia.

Nimeyataja hayo upesi ili nirudi kwenye mnazi, ambao mimi mwenyewe ni shahidi wake. Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa na ukurutu kwenye viwiko na nyuma ya magoti, na baridi ya hapa iliuzidisha mpaka nikawa sipati usingizi. Daktari alitoa krimu. Bibi alitoa mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo katika kabati letu la jikoni huwa jiwe jeupe kuanzia Oktoba. Bibi alikuwa akiyachota kwa kijiko, anayayeyusha viganjani, anasoma dua yake, kisha ananipaka kabla ngozi haijakauka maji ya kuoga. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 2014 madaktari wa Ufilipino walichapisha jaribio la watoto 117 wenye ukurutu wa kiasi, waliopakwa ama mafuta ya nazi ama mafuta ya madini kwa wiki nane. Waliopakwa ya nazi walipata nafuu zaidi. Nilimsomea Bibi. Akasema, "Wiki nane zote hizo? Wangeniuliza mimi."

Na dafu? Hapa ndipo hadithi yangu inapoanza.

Bibi anasimulia jinsi mdogo wake alivyoharisha akiwa mtoto, macho yakaingia ndani, midomo ikakauka. Mama yao alimnywesha maji ya dafu kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana kutwa, na katika kila dafu alitia chumvi ya kuchovya kwa ncha za vidole viwili. Mtoto akaishi. Chumvi ile ilinishangaza, maana dafu tamu linaharibiwaje kwa chumvi? Nikatafuta. Mtu anayeharisha hupoteza maji, sodiamu na potasiamu. Dafu lina sukari na potasiamu ya kutosha, lakini sodiamu yake ni chache. Ndiyo maana maji ya dawa ya kuharisha yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani yana sodiamu nyingi kuliko potasiamu: kwa fomula ya mwaka 2002 ni milimoli 75 kwa 20 katika lita moja. Mama yake Bibi hakuwa na fomula. Alikuwa na vidole viwili, na vidole vilikuwa vinajaza pale pale palipopungua. Mwaka 2000 madaktari walieleza hata kisa cha mgonjwa wa Visiwa vya Solomon aliyewekewa maji ya dafu kwenye mshipa wakati dripu za kawaida hazikupatikana.

Mnaona jinsi nilivyokuwa na furaha. Kurasa zangu nne zilikuwa zinamalizia hapa, kwa fahari.

Ila Bibi ana shinikizo la damu na kisukari, na figo zake zimechoka. Mwezi wa Novemba nilimsindikiza kliniki. Mhudumu aliuliza kama tungependa mkalimani, hapo hapo, bila malipo. Nikasema hapana, asante, mimi nasoma Kiswahili chuo kikuu. Bibi aliniangalia kwa fahari. Nami nilijiangalia kwa fahari.

Mtaalamu wa lishe alieleza vizuri, polepole, kwamba potasiamu imeanza kupanda katika damu ya Bibi na apunguze vyakula vyenye nayo. Sasa potasiamu kwa Kiswahili ni nini? Ni potasiamu. Nikaona neno hilo halitamwambia Bibi kitu, na sikutaka kuonekana nimekwama. Nikasema, "Bibi, kuna aina ya chumvi imezidi kwenye damu yako. Upunguze."

"Chumvi? Haya," akasema Bibi.

Karatasi tuliyopewa ilikuwa na picha za ndizi, viazi, nyanya na machungwa. Bibi alicheka. "Tangu lini ndizi ikawa na chumvi?" Lakini alizipunguza. Dafu halikuwamo kwenye picha. Mimi sikuuliza, na Bibi hakulitaja, kwa sababu mtaalamu aliuliza anakula nini, na dafu haliliwi.

Tulipofika nyumbani Bibi aliacha chumvi kabisa. Mchuzi ukawa kama maji ya kuoshea sufuria. Mimi, mjukuu mwema, nikaenda kununua chumvi ya badala, ile inayosifiwa kwamba imepunguzwa sodiamu. Sikusoma upande wa nyuma wa kopo, ulioandikwa kwamba kilichotiwa mahali pa sodiamu ni potasiamu. Na Bibi, kwa kuwa sasa anajua figo zina shida, akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Jambiani angefanya. Akaanza kunywa dafu kila asubuhi, na Ijumaa mawili. Dafu husafisha figo. Dafu ni tamu, halina chumvi. Alikuwa anafuata maneno yangu sawasawa. Kikombe kimoja cha maji ya dafu kinaweza kuwa na potasiamu miligramu 400 hadi 600, sawa na ndizi moja au zaidi.

Wiki tatu baadaye alitolewa damu kwa vipimo vya kawaida, na jioni ile simu ikalia. Potasiamu ilikuwa imepita sita. Tuje sasa hivi, tusingoje asubuhi. Potasiamu ikizidi hivyo moyo unaweza kupoteza mapigo yake, hata kusimama, na mgonjwa asihisi dalili yoyote kabla. Bibi alikaa usiku mbili akiwa ameunganishwa na mashine ya kufuatilia moyo, akiniuliza kwa nini imewekwa milio kama ya simu mbovu.

Safari hii hawakuniuliza mimi. Alikuja mkalimani, mama mtu mzima wa Mombasa. Alimwamkia Bibi, akauliza habari za nyumbani, akaketi. Kisha hakuuliza anakula nini. Aliuliza, "Mama, ukiamka asubuhi, kinywa wakifungua kwa nini?"

"Kwa dafu," akasema Bibi.

Dakika mbili hazikwisha. Miaka miwili ya chuo kikuu sikujua kwamba swali lile ndilo swali.

Mkalimani alimweleza yote, na Bibi aliitikia kwa adabu. Lakini nyumbani nilimwona hajashawishika. "Dafu lina chumvi?" aliniuliza. "Wewe umelionja?" Hakuwa mkaidi. Alikuwa na kumbukumbu ya mtoto aliyeokoka, na mimi nilikuwa na neno ambalo halikuwa na maana kwake. Katika mzani wa namna hiyo hata mimi ningechagua dafu.

Jumapili alikuwa anakuna nazi kwa ajili ya wali wa familia, nami nilikuwa namshikia kifumbu. Kwa wasiokijua, ni kifuko cha kusukwa kwa ukindu, cha kuchujia tui, na ukindu nao hutoka kwa mkindu, ndugu mwingine wa mnazi. Kifumbu cha Bibi kilitoka Unguja zaidi ya miaka 20 iliyopita na matundu yake yamejaa chicha kavu isiyotoka tena. Alimimina maji, akaminya, tui likatoka matone. Akamimina tena. Maji yakafurika juu na kumwagika mkononi mwangu.

"Usizidishe maji, kimeziba," akasema, akijionya mwenyewe.

Nikasema, "Bibi, figo ni kifumbu."

Akasimama kuminya.

"Cha mtoto ni kipya," nikasema. "Akiharisha, amekauka, unammiminia dafu, linapita, mwili unachukua unachotaka, kinachozidi kinatoka. Chako kimeziba. Kile kitu cha kwenye dafu hakitoki. Kinafurika, kinakwenda kwenye moyo."

Alikitazama kifumbu kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika ukutani kwangu: "Kumbe dafu halina kosa. Mgonjwa siye."

Toka siku hiyo hajanywa. Hakuhitaji kulikana dafu wala kumkana mama yake. Kanuni ya kumtazama mgonjwa kwanza ilikuwa ya kwake tangu zamani, ndiyo iliyomfanya aseme tui halimfai mwenye tumbo bovu. Mimi ndiye niliyeandika dawa kurasa nne bila hata mgonjwa mmoja ndani yake.

Kuna jambo moja zaidi nililomwambia, na lilimfurahisha. Wagonjwa ambao figo zao zimekoma kabisa husafishwa damu kwa mashine, na mashine hizo hutumia maji mengi sana. Kabla maji hayajafika kwenye mashine hupitishwa kwenye makaa maalumu ili kuondoa klorini, ambayo ingeidhuru damu. Makaa ya namna hiyo hutengenezwa kwa vitu mbalimbali, na kimojawapo kinachotumika sana duniani ni kifuu cha nazi. "Si nilikwambia kifuu hakitupwi," akasema Bibi.

Wenzangu, najua si mimi peke yangu. Wengi wetu katika klabu hii ndio tunaosoma barua za hospitali, tunaojaza fomu za manispaa, tunaosimama kati ya daktari na shangazi. Naomba mambo mawili. Mkiulizwa kama mnataka mkalimani, semeni ndiyo, na mbaki mmekaa pembeni mkimshika mgonjwa mkono, kazi hiyo inatosha. Na mkikwama kwenye neno, semeni mmekwama. Neno nililoliogopa nisingelifahamu siku ile, lakini kama ningekiri, mtu angeuliza swali la pili.

Kwa toleo lijalo nileteeni majina ya vyombo vya jikoni kwenu, kifumbu, kung'uto, mbuzi ya nazi, na vyote ambavyo sivijui. Nahisi tutavihitaji mahali ambapo hatutegemei.

Jana tulipita dukani. Mzee wa Kisumu alikuwa ameshika dafu tayari, kisu mkono wa pili. "Mama, hili la leo tamu sana."

Bibi akanisukuma mbele. "Mpe huyu mke mwenzangu," akasema. "Kifumbu chake kizima."

Nililinywa pale pale, barabarani, naye akaniangalia mpaka tone la mwisho.